Gent Hatukufika

Sijui nani alimwambia kaka yangu kwamba yeye ndiye mkuu wa msafara. Safari ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha yule bibi wa Kizungu kule Tonawanda, Amerika, jirani na Buffalo ninakokaa, nikimpa dawa zake na kumvumilia akiamka vibaya. Binti yake alipoamua kumpeleka Ulaya kwa meli ya kitalii kabla nguvu hazijamwishia kabisa, akaniomba mimi niende nikisukuma kiti chake. Kaka yeye alikuwa Louisville anapanga vifurushi kwenye ghala, na katika maisha yake hajapanda hata mtumbwi. Lakini kila Jumapili nikitoka kanisani simu inaita, na bwana mkubwa ameshapanga.

Meli ilikuwa itie nanga siku moja tu Ubelgiji, kwenye bandari ya Zeebrugge, asubuhi mpaka jioni. Kutoka pale kuna miji miwili ya zama za kati inayofikika na kurudi bila kuachwa na meli. Bruges iko karibu, Gent iko mbele kidogo. Binti wa Bibi hakutaka basi la watalii, kwa sababu alisikia haliwasubiri wenye viti vya magurudumu. Yeye mwenyewe alitaka kubaki melini alale. Akaniambia siku hiyo niipange nionavyo, mradi mama yake aone makanisa ya kale na nyumba za mawe, maana Bibi alikuwa anashinda mbele ya televisheni akiangalia ngome na maaskofu waliozikwa chini ya sakafu.

Kwa hiyo nikapanga. Asubuhi Bruges, mchana Gent. Kaka akasema hapana, Bruges siku nzima. Nikamuuliza inamhusu nini. Akasema mimi sijui ramani.

Sikuwa na haja na ngome za Gent, na yeye alijua. Gent alikuwepo baba yetu. Aliondoka kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, sisi tukiwa wadogo, akasema anakwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua, mwezi mmoja tu. Mama akampikia maandazi ya njiani. Hakurudi. Baada ya miaka tukasikia kwa watu kwamba yuko Ubelgiji, ni mzima, amenenepa. Sisi tukaja Amerika bila yeye. Mama hakuwahi kupokea hata salamu. Kaka peke yake ndiye aliyekuwa na namba yake, na aliificha kama mtu anayeficha sukari watoto wasiione. Ukimwomba anasema mzee hapendi kusumbuliwa.

Mimi ningemwacha baba huko huko na unene wake. Tatizo lilikuwa la mama. Mama alikuwa anaishi Whitehall, pale Columbus, Ohio, peke yake kwenye apatimenti ya ghorofa ya chini. Kanisani kwao alikuwepo mzee mmoja Mrundi aliyefiwa na mkewe. Mama hakujua kuendesha gari, na bila gari Whitehall wewe ni mfungwa, basi huyo mzee akawa anampeleka dukani na kliniki, halafu dukani tena hata kama hakuna cha kununua. Siku moja nilikwenda kumsalimu mama nikamkuta amenunua viatu vya kisigino. Mama yangu, aliyevaa kandambili tangu nimjue! Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Wakaenda kwa mchungaji. Mchungaji ni Mkongomani wa Uvira, mtu mwema lakini mgumu. Akawaambia, "Bon, mama, bwana yako ako muzima. Mimi siwezi bariki ndoa juu ya ndoa. Aseme yeye mwenyewe, kwa kinywa yake, kama hana bibi hapa. Tukisikia, ninabariki." Wakaomba, wakalia, akakataa. Baba naye hapatikani, na mwenye namba haitoi. Kaka alisema mama mzima wa kanisa kuolewa uzeeni ni kututia aibu, eti watu wa Louisville watamcheka. Hao watu wa Louisville hawajawahi kumbebea mama hata mfuko wa vitunguu.

Ndiyo maana nilihitaji saa moja ya Gent. Nimkute huyo mtu, nimsimamie mbele, aseme kwa mdomo wake mama yuko huru, nirekodi, nirudi melini.

Kaka alipigana na hiyo saa moja kama amelipwa. Mara Gent ina mawe barabarani, kiti cha Bibi kitavunjika. Nikamwambia Bruges nayo ina mawe, nimeona picha. Mara treni zina ngazi. Mara meli haimsubiri mtu, nitabaki Ubelgiji na mzee wa watu mkononi, polisi waniite mwizi wa vikongwe. Mengine yalikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi. Akawa ananitumia picha za Bruges: mnara wa kengele, mifereji, bata maji, wanawake wanaofuma lesi, hata kibanda cha kuuzia chipsi. Alinichagulia mpaka benchi la kukaa! Nilimwambia akome. Akaniambia nina kichwa kigumu na ndiyo maana sikuolewa. Nikamkatia simu, na wiki iliyofuata akapiga tena, sauti tamu, na ratiba mpya ya Bruges.

Basi nikapita njia yangu. Kuna dada Mkongomani aliyekuwa ananisuka nyumbani kwake, huku mtaani kwetu Kensington-Bailey. Alikuwa na shangazi yake Gent, na mume wa huyo shangazi ana gari kubwa linaloingiza kiti cha magurudumu. Akanipa namba. Sikumwambia kaka. Nikapanda basi mpaka Columbus kumpelekea mama habari mkononi, nikamkuta jikoni anachambua maharage. Nikasema tupige sasa hivi, usikie mwenyewe. Nikaweka sauti ya nje, simu nikailaza mezani katikati ya maharage.

Yule mama wa Gent alipokea vizuri sana. Gari lipo, bwana yake atakuja kutuchukua bandarini, Bruges atatupitisha, Gent tutakula kwake. Nilijisikia mjanja kuliko watu wote wa Louisville. Ndipo nikamtajia jina la baba, nikasema mimi ni mwanawe, nataka kumwona.

Sauti ya yule mama ikashuka, ikawa sauti ya msibani. "Kumbe ni wewe mtoto wake. Basi kwanza nikupatie pole ya mama yako. Siye tulikalaka kilio pale kwa baba yako, donc, tulilia naye, tulipika, mpaka tulimaliza. Alimupendaka sana yule bibi yake. Pole, mwanangu. Miaka imepita lakini sikukuonaka, siwezi kuacha kukupa pole."

Watu wetu ndivyo tulivyo. Hata msiba uwe wa zamani namna gani, ukikutana na mfiwa mara ya kwanza, pole hutangulia. Hakufanya kosa lolote yule mama. Alinipa haki yangu.

Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa kwenye bakuli. Mimi damu ilishanichemka, nimefungua mdomo nimwambie marehemu huyu hapa anachambua maharage. Mama akaniwekea kidole mdomoni, kigumu, kinanuka vumbi la maharage. Akanong'ona, "Pokea."

Sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo. Nikasema asante mama, Mungu awabariki kwa kututunzia msiba. Mama akanionyesha kwa mkono niendelee. Nikauliza, kama alivyoninong'oneza, kama naweza kupata namba ya baba, maana ya zamani imepotea. Yule mama akaisoma mara mbili ili nisikosee. Akasema baba yangu siku hizi ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima, na mama mdogo wangu, yaani mke wake wa sasa, anapika vizuri, nitamfurahia.

Simu ilipokatika nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Alimzika mama yangu akiwa hai, akakaa chini watu wakamletea chakula, wakamfuta machozi, matanga yakaondolewa, halafu akaoa na kupewa cheo kanisani. Nikasema naenda Gent, nitaingia kwenye hilo kanisa Bibi akiwa mbele yangu kwenye kiti, nitasimama nitawaambia wote. Mama aliniacha niishiwe pumzi. Alikwenda kunawa mikono, akaifuta, akakaa, akaniambia nimpigie hiyo namba.

Baba akaitika kwa Kifaransa. Mama akasema, "Ni mimi. Marehemu."

Baba akaanza kujitetea. Sauti niliitambua, na nikajichukia kwa kuitambua. Alisema shida zilimbana, alikuwa peke yake, kanisa halikubali mtu mwenye mke kule aoe huku, alikosa la kufanya. Akamsihi mama, kwa jina la Yesu, nisifike Gent. Akasema alishazungumza na mtoto wa kiume na walikubaliana niishie Bruges.

Hapo ndipo nilipoelewa ratiba zote zile, bata maji na chipsi.

Mama hakumlaumu kwa neno hata moja. Alizungumza naye kama anayeelewana bei na mwenye duka. Akamwambia, "Mimi nitabaki nimekufa huko kwako. Mtoto hatakanyaga Gent, na hakuna atakayejua. Wewe kesho baada ya ibada utampigia mchungaji wangu, utamwambia huna mke Ohio. Usipopiga, nitakuja kukusalimu mimi mwenyewe."

Alipiga. Mimi nilikuwepo, kwenye kile chumba kidogo nyuma ya kanisa la Wazungu wanalotuazima jioni. Baba alisema yote, kwa heshima, na akamwombea mama baraka. Mchungaji akasema bon, tumesikia. Yule mzee wa mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia, akaanza kulia kama mtoto.

Wote walifurahi isipokuwa mimi. Njiani kurudi nyumbani nilimwambia mama ameuza haki yangu. Nilikuwa na maswali kwa yule mtu. Nilitaka aniangalie usoni, ashindwe kuniangalia. Mama akasema anajua. Akasema pia kwamba yeye ana miaka michache ya kukaa na mtu anayempenda, na mimi nina maisha yangu yote ya kukasirika, kwa hiyo ya kwake itangulie. Nikapanda basi kurudi Buffalo, bado nimekasirika.

Kaka nilimpigia, bila shaka. Hakukana. Alijua tangu siku ya kilio chenyewe, baba alimpigia akamwomba asimwambie mtu. Akasema alikuwa analinda wote wawili, mama asiumie na baba asiaibike, na mimi napenda vita. Nikamwambia asinipigie tena maisha. Mama alipofunga ndoa mwezi wa tano, kaka alikuja Whitehall na suti mpya, akakaa mbele kama mtoto mkubwa, akatoa hotuba ndefu kuhusu thamani ya mama. Watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa jikoni nagawa wali, na sahani yake nilimpa mtu mwingine ampelekee.

Meli ikafika Zeebrugge kama ilivyopangwa. Niliita teksi ya bandarini, tukaenda Bruges siku nzima. Ni mji mzuri, siwezi kusema uongo, na nilimchukia kaka kwa hilo pia. Mawe yake yalinivunja mgongo. Kengele zikalia, Bibi akafumba macho kusikiliza. Tulikula chipsi. Tulikaa kwenye benchi karibu na maji, si lile la kaka, nilihakikisha.

Mchana Bibi alitaka kuona treni, basi nikamsukuma mpaka kituoni. Kwenye ubao waliandika Gent, treni inaondoka baada ya dakika kumi. Bibi akaona ninavyoutazama ule ubao. Alikuwa mzee lakini si mjinga. Akaniuliza kama nina ndugu katika nchi hii.

Nikamwambia nilikuwa na baba hapa. Alikufa.

Akanyoosha mkono wake mwembamba akaushika wangu, akanipa pole. Nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa, nikapokea.