Mshahara wa Manase

Mashine ya brashi ilipomkata Manase vidole, Laurenti ndiye aliyewekwa mahali pake. Akapewa kazi ya Manase na lawama za Manase, lakini mshahara wake ukabaki ule ule wa mbeba matita. Mwaka ukapita hivyo, katika kambi moja ya mkonge upande wa kuelekea Moa. Laurenti, Mshambaa mpole aliyeteremka milimani kutafuta kodi na ada ya shule ya bintiye Ruthi, hakusema kitu.

Aliyesema ni mkewe, Benedikta. "Baba Ruthi, nenda ukadai haki yako. Hapa anyamazaye husahauliwa."

Maneno hayakuwa taabu. Taabu ilikuwa kifua. Katani kavu ikisuguliwa, chumba cha brashi hujaa vumbi hata usimwone mwenzako vizuri, na vumbi hilo lilikuwa limekwisha kumwingia Laurenti. Hakuweza kusema mengi bila kukohoa. Na kambi nzima ilijua kwamba meneja, Mgiriki wa makamo, hamwongezi mshahara mtu mgonjwa. Humrudisha kwao.

Basi wakaanza mazoezi. Benedikta akaketi kigodani akawa meneja, akakunja uso.

"Sema, unataka nini?"

"Bwana, tangu Manase alipoumia, kazi yake..." Kikohozi kikamkata.

Wakapunguza maneno. Wakaondoa salamu ndefu, wakamwondoa Ruthi na ada yake, wakaondoa hata shukrani, mpaka yakabaki maneno ya pumzi moja. Benedikta akamchemshia tangawizi, akamfundisha kuvuta hewa polepole kwa pua na kumeza mate kikohozi kikipanda. Usiku mmoja aliona machozi yakimtoka mumewe kwa kujizuia. Akainuka.

"Tuache, Baba Ruthi."

"Keti," Laurenti akamwambia. "Uliza tena."

Nyapara Idarusi akampeleka ofisini asubuhi, kabla ya kazi. Laurenti akasema yote bila kusita. Meneja akamtazama kifuani.

"Wewe mzima? Nasikia watu wa brashi wanakohoa."

"Mzima, bwana."

"Haya, utapata mshahara wa Manase. Lakini utakaa huko huko brashi. Sitaki kubadilisha mtu tena."

Laurenti aliinamisha kichwa tu, pumzi imemwishia. Alijikaza mpaka nyuma ya ghala, hapo akachuchumaa akakohoa mpaka mate yakawa mekundu. Idarusi alisimama akitazama kando.

Jioni ile Benedikta alipika wali wa nazi, wakacheka kidogo. Ila tangu hapo Laurenti hakuthubutu kwenda kwa dresa, mganga wa kambi, kuomba dawa, maana kila aliyetibiwa jina lake lilipelekwa kwa meneja. Akawa anafunga kitambaa puani, anakwenda kazini. Mshahara ulikuja kweli, Ruthi akaingia darasani. Masika yalipokolea, Laurenti akashindwa kuinuka kitandani. Walimzika penye makaburi ya kambi, padri akisoma upesi kwa sababu ya mvua.

Jirani yao Mwatum, mama wa Kipemba, alimsindikiza Benedikta mpaka stesheni, amembeba Ruthi mgongoni kwa ajili ya matope.

"Utakula nini huko milimani, Mama Ruthi?"

"Mkwe wangu ana mahindi."

"Na mtoto kusoma?"

Benedikta alimpokea mtoto, akampangusa miguu kwa upindo wa kanga, wakapanda garimoshi la Mombo.