Maziwa Aliyoyachemsha Suban

Suban alikuwa ameshazika mtoto mmoja aliyekufa kwa kuharisha. Kwa hiyo huyu wa pili, Ilwad, alipofikisha miezi minne na homa ikaanza kumkausha Suban maziwa, hofu ya zamani ilimrudia yote. Mama mkwe wake, Ardo, hakuona tatizo. Huko kwao Mudug, kwenye nyika ya wafugaji, maziwa ya ngamia ndiyo yaliyolea kila mtu.

"Mpe ya ngamia. Mumeo nilimkuza kwa hayo hayo."

"Muuguzi wa zahanati alisema bado mdogo, Mama. Na ikibidi kabisa, yachemshwe."

"Huyo muuguzi ana ngamia wangapi?" Ardo alicheka, kisha uso ukambadilika. "Ya ngamia hayachemshwi. Ukiyatia motoni, kiwele cha ngamia mwenyewe kinaharibika. Usiniletee balaa."

Siku mbili Suban alimtazama mwanawe akinyonya na kulia. Siku ya tatu Ardo alipokwenda kisimani, Suban aliwasha moto nyuma ya kibanda akachemsha kikombe kimoja cha maziwa ya ngamia. Ilwad akanywa kwa kijiko. Hakuharisha. Kesho yake Suban akarudia.

Asubuhi iliyofuata ngamia wao alikataa kukamuliwa. Chuchu moja ilikuwa imevimba, na maziwa yalitoka na damu.

Watu saba walimtegemea ngamia huyo.

"Suban," Ardo aliita taratibu. "Umechemsha?"

"Nimechemsha, Mama. Niliogopa atakufa kama mwenzake."

Ardo hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Suban zaidi. "Wewe unaogopa atakufa mmoja," alisema. "Mimi naogopa tutakufa sote."

Mumewe Suban, Guled, akamlaza ngamia, akapapasa kiwele, akachomoa mwiba wa mgunga mrefu kama kidole. Ardo aliuchukua mwiba ule, akaugeuza kiganjani. Mchana akaja na kikombe.

"Haya ni ya mbuzi. Haya chemsha utakavyo. Kesho tunakwenda kwa huyo muuguzi wako, nikamsikie mwenyewe."

Muuguzi alimtibu Suban homa, akamwambia amnyonyeshe mtoto mara kwa mara hata kama maziwa hayatoki. Yakarudi, kidogo kidogo. Chuchu ya ngamia ilichukua nusu mwezi kupona, na siku zote hizo Suban alikuwa akiamka na kukimbilia kiwele kabla hata ya kunawa uso.

Ilwad sasa anachunga mbuzi. Suban amezaa wengine watatu. Hajamnywesha mtoto mchanga maziwa mabichi ya ngamia, wala hajayachemsha tena. Ukimuuliza kati ya hayo mawili anaogopa lipi zaidi, anakwambia hajui.