Fishi Yangu Mikononi mwa Mama Mukwe

Mwaka nilipokuwa najenga nyumba ya kuolea, nilivunja mawe ya volkano kwa nyundo na kuyabeba mwenyewe. Kiwanja changu kilikuwa upande wa kwenda Munigi, mahali ambapo ukitaka kupanda hata kitunguu unalazimika kwanza kununua udongo. Walimu wenzangu walinishauri nitafute vijana wenye tshukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanisombee. Nikakataa. Nilitaka siku moja nimwambie muchumba wangu kwamba ukuta ule wote, kuanzia barabarani mpaka jikoni, umepita katika mikono yangu.

Mawe yakanijibu. Asubuhi moja nikiwa naoga, niliona uvimbe kwenye kinena, mdogo kama yai la njiwa. Nikilala unarudi ndani. Nikisimama darasani kufundisha hesabu unatoka tena. Nilijua ni nini kabla ya kuambiwa na mtu. Ulikuwa mushipa, ule ugonjwa ambao wengine huuita ngiri, na kwetu ni ugonjwa wa kuchekwa. Watu husema mwanaume mwenye mushipa hazai. Si kweli, lakini nenda ukawaeleze wazee waliokaa kuzungumzia harusi.

Na harusi ilikuwa karibu. Familia zetu zilikuwa zimekwisha kukubaliana siku ya dote, siku ya kutoa mahari. Sisi asili yetu ni Butembo, na familia ya muchumba wangu ni ya Rutshuru. Pande zote mbili walikuwepo wazee wachache ambao hawakuelewa kwa nini mutoto aende kuoa au kuolewa mahali ambapo mama yake atasalimiwa kwa lugha nyingine. Hao hawakuhitaji sababu kubwa. Hata mushipa ungewatosha.

Sasa, hospitali ambayo kila mtu alisema wanapasua vizuri ndiyo hiyo hiyo ambapo mama wa muchumba wangu alikuwa anafanya kazi. Hakuwa muuguzi. Alikaa kwenye dirisha la kupokelea wagonjwa, akiandika majina, na nyuma yake kulikuwa na rafu zilizojaa fishi, zile karatasi ngumu zinazobeba habari za kila mgonjwa. Hakuna ugonjwa ulioingia pale bila kupita chini ya miwani yake. Na mimi, nyumbani kwake, nilikuwa hata simtazami usoni. Akiingia sebuleni nilisimama, nikainamisha kichwa, nikamjibu huku nikiangalia mkeka. Ndivyo mtu anavyomheshimu mama mukwe. Nilijiuliza nitawezaje kumwinamia tena mwanamke ambaye amesoma habari za kinena changu kwa mwandiko wa daktari.

Kwa hiyo nilikwenda kwanza kwenye kituo cha afya cha Munigi. Nilipanda pikipiki, nimekaa upande kama mama anayetoka sokoni. Muuguzi alinibonyeza, akaniambia nikohoe, akaandika karatasi.

"Papa, hii inapasuliwa. Siye hatupasui hapa. Nakutuma kule." Akataja hospitali ile ile.

"Hakuna kwingine?"

"Kwingine ni mbali, na hii ikijifunga itakusumbua njiani. Kwani kule uliwakosea nini?"

Nilicheka, ingawa kicheko chenyewe kiliuma.

Usiku wangu wote uliofuata ulikuwa wa mipango. Nikafikiri kuandikisha jina la marehemu babu yangu. Halafu nikawaza: na nikifia chini ya kisu, mama yangu akija kunitafuta, si ataambiwa mutu huyo hayupo? Nikafikiri kwenda siku ambayo mama mukwe amepumzika. Nikampigia muchumba wangu simu, nikamuuliza kwa ujanja mama anapumzika siku gani. Alifurahi sana, akadhani nataka kumpelekea zawadi.

"Wiki hizi hapumziki kabisa," alisema. "Anashika na zamu ya mwenzake aliyejifungua. Lakini kuja tu jioni, utamukuta!"

Basi nikaenda. Ilikuwa asubuhi ya mvua, na foleni ilifika mpaka nje chini ya mabati. Nilivaa kofia, nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Nilipofika dirishani niliinamisha kichwa kwa desturi, nikawa naongea na vidole vyake.

"Jina?" aliuliza.

Nilishtuka. Nilidhani ananitania. Nikataja jina langu.

"Umri?"

Nikataja.

"Unakaa quartier gani?"

"Mtaa wa Katindo."

Mara ngapi alikuwa amenitumia viazi vya Rutshuru pale pale Katindo! Aliandika kana kwamba anaisikia Katindo kwa mara ya kwanza. Nilimpa karatasi ya Munigi ikiwa imekunjwa. Hakuikunjua. Aliiingiza ndani ya fishi vile ilivyokuwa.

"Hiyo ni ya docta. Uko na garde-malade?"

Kwetu mgonjwa hulala hospitali na mtu wake, wa kumpikia na kumgeuza. Mimi sikuwa na mtu, kwa kuwa sikuwa nimemwambia yeyote.

"Hapana, mama."

Kalamu ilisimama. "Tafuta mutu. Mutu halali hospitali peke yake kama vile hana kwao." Kisha akapaza sauti juu ya kichwa changu: "Anayefuata!"

Nilikaa kwenye benchi nikiwa sijui nishukuru au ninune. Nusu yangu ilikuwa inamshukuru Mungu. Nusu nyingine ilikuwa inalalamika: hata pole?

Nilimwita dada yangu mkubwa, akaja na thermos, mkeka na maneno mengi. Walinipasua kesho yake. Walinichoma sindano mgongoni, miguu ikapotea, na daktari akawa anazungumza na mwenzake juu ya bei ya samaki wa ziwani mpaka mwisho. Nilisikia kila kitu isipokuwa maumivu.

Maumivu yangu yalikuwa ya jioni. Kutoka kitandani niliona lango, na kila jioni nilimwona mama mukwe akitoka na mwavuli wake. Nikawa naihesabu safari yake: sasa amefika kwenye rond-point, pale barabara zinapozunguka, sasa anavua viatu, sasa wamekaa mezani, yeye na mume wake na binti yao, sasa anafungua mdomo. Simu ya muchumba wangu ikilia, niliisikiliza sauti yake kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya mchele.

"Mbona unaongea kama mutu amebeba mzigo?" aliniuliza.

"Nimechoka tu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasema kazi ni mingi."

"Hajasema kitu kingine?"

"Kitu gani?"

"Basi tu."

Hakuwa amesema kitu. Nilipotoka hospitali, muchumba wangu alikuja kunitembelea, akanikuta natembea uani kama bata. Hapo hapakuwa na la kuficha. Nilimweleza yote, mawe, Munigi, kofia na dirisha. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu macho yakamtoka.

"Kumbe mama anajua! Na kila siku tunakula naye ugali kwenye sahani moja!"

Alirudi kwao mbio kumuuliza. Mama yake, aliniambia baadaye, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa anachambua. "Kama muchumba wako amekuambia kitu, uliza yeye," alisema. "Mimi nilikuwa kazini."

Siku ya dote ikafika. Uwanja wa kwao ulifungwa turubai, sisi upande huu, wao upande ule, na katikati wasemaji wawili, wazee wenye fimbo, wakirushiana maneno matamu. Bwana harusi haongei siku hiyo. Nilikaa na koti langu jipya kama sanamu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, mpaka shangazi wa muchumba wangu aliposimama upande wa wanawake.

"Kuna neno nimelisikia," alisema. "Kijana huyu alionekana hospitali, amevaa nguo za kulazwa. Mutu aliyekwenda kumuona mugonjwa wake alimuona. Sisi hatutoi mutoto kwa mutu hatujui ana nini." Akamgeukia wifi yake. "Na wewe unafanya kazi kule. Tuambie."

Dada yangu alinifinya paja, na ni paja la upande mbaya.

Mama mukwe alisimama polepole, akarekebisha kitenge chake.

"Ni kweli niko kule," alisema. "Napokea watu wengi. Hata hapa ndani ya hii turubai niko naona watu wangu. Mukitaka niseme, nitasema. Lakini nianze na nani?"

Akazungusha macho, taratibu, kutoka upande wao mpaka upande wetu. Muzee mmoja mwenye fimbo alikohoa. Mwingine akaanza kutafuta kitu chini ya kiti. Shangazi alishika shavu, akasema anasikia harufu ya nyama kuungua, akakimbilia jikoni. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, na wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba dote imekwisha.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama, nikaomba ruhusa kwa msemaji wetu, nikasema mwenyewe. Nilisema nilikuwa na mushipa, umepasuliwa, nimepona, na niliupata nikibeba mawe ya nyumba ya binti yao.

Msemaji wetu hakuacha nafasi ile ipite. Alipiga fimbo chini.

"Mumesikia? Mutoto wetu amepasuka kwa ajili ya mutoto wenu! Watu wa huruma, mutupunguzie ng'ombe moja!"

Msemaji wao alisubiri kelele zitulie, akajibu bila kucheka: "Tunawaongezea moja. Zamani tulikuwa tunatoa binti kwa mutu hatujui. Sasa tunajua amepimwa na daktari na ni mzima."

Hata baba mukwe, ambaye siku zote uso wake ni wa chuma, alifuta machozi ya kicheko kwa leso. Ng'ombe hawakuongezwa wala hawakupunguzwa. Muchumba wangu aliletwa na dada zake, amefunikwa, na alipofunuliwa nikaona alikuwa bado anacheka.

Jioni vijana walileta vinywaji, na mimi, kwa furaha, nikavua koti na kuinama ili niwasaidie kunyanyua kreti ya bia. Sauti ikatoka upande wa wanawake, kubwa kuliko muziki:

"Wee! Weka hiyo chini!"

Nilisahau desturi, nikamtazama mama mukwe usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama, kijiko cha mchuzi mkononi, miwani imeshuka mpaka kwenye ncha ya pua. Alipoona kila mtu amemgeukia alijifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Mimi nikaweka kreti chini, na vijana wakaibeba wakipita mbele yangu, wakinipigia saluti.