Aloisi wa Kwenye Shuka

Jenereta ikinguruma popote, hata leo, mimi huhisi baridi miguuni. Jirani yangu hapa mtaani Katandala anayo moja. Umeme ukikatika anaiwasha, na kabla taa zake hazijawaka mimi nimeshanusa petroli iliyochanganyika na jasho la mablanketi, harufu ya uwanja wa mpira wa Sumbawanga jioni ile gari la sinema lilipokuja kunivurugia nyumba. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho. Kipupwe kilikuwa kimekaza, ulezi umeshakatwa, na upepo wa Ufipa unavuma kama kawaida yake, yaani kama mtu anayetafuta ndani ya nguo zako kitu alichokisahau.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa safari. Baba aliniita Figa, kwa kuwa nilikaa jikoni kama moja ya yale mawe matatu. Chungu kikiepuliwa mimi nabaki. Baadaye nilipelekwa sekondari ya masista nikilia njia nzima, nikarudi na cheti na mafua. Kwa hiyo msimu ule niliposhindwa kutulia, nyumba nzima ilishangaa. Sababu ilikuwa dada yangu Felista. Aloisi, kijana wa Msanzi aliyekuwa karani wa gati kule Kasanga, ziwani, alikuwa ametuma wazee kumposa. Baba aliipokea posa, ila akasema jibu atalitoa Felista mwenyewe, mjomba wa Aloisi atakaporudi baada ya mavuno. Mama hakutaka. Si kwamba alimchukia Aloisi, aliichukia Kasanga. Kwake yeye kuteremka kutoka Ufipa kwenda ziwani ilikuwa sawa na kuingia ndani ya chungu kilicho motoni: joto, mbu, mamba, na watu wanaolala nje kama mbuzi. Kila ilipotajwa alipangusa machozi kwa ncha ya kanga, na Felista alishika ndoo kwenda kisimani. Mimi nilikuwa upande wa mama kwa sababu zangu. Felista ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenivutia blanketi usiku, na ndiye aliyekwenda kisimani zamu yake na yangu. Akiondoka, figa lingelazimika kutembea.

Gari la sinema tulilijua. Lilizoea kuja na picha za vyoo, za nzi, za kupanda mahindi kwa mstari, na baba, aliyelima tangu hajaota ndevu, alizitazama kwa adabu kama mahubiri. Mara hii mtangazaji, kijana wa Tabora mwenye kipaza sauti na koti linaloelekea kuwa la kuazima, alisema kwamba baada ya nzi kuna starehe. Shuka jeupe likatikisika kwa upepo, na mara ikatokea bahari, ikatokea minazi na mchanga, na mwanamume wa Kizungu mwenye shati la maua ameshika gitaa. Watu wa pale wote walikuwa nusu uchi na hakuna aliyetetemeka. Bibi, mama yake baba, akasema kwa huruma, "Hao watapata kichomi." Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Bwana yule aliajiriwa kupaka rangi mashua, lakini kila akichovya brashi wimbo unampanda, anaitupa kazi na kwenda kumwimbia msichana mwenye taji la maua. Mtangazaji alisema mwimbaji huyo ni mashuhuri dunia nzima. Baba alivumilia nyimbo kadhaa, kisha akauliza, "Sasa hiyo mashua itakwisha lini?" Sauti ikamjibu kutoka gizani, "Tulia mzee, huyo kibarua wa serikali."

Ndipo ukaja ule wimbo mkubwa. Mwimbaji alipiga goti mchangani, akakunjua mikono, akawa anarudia rudia neno moja la wenyeji wa pale. Nilikuja kujua sekondari kwamba ni salamu yao, aloha. Lakini kipaza sauti kilikuwa na mafua kama sisi sote, na uwanja mzima ulisikia, "Aloiii, Aloiii." Watu walitazamana, wakipima. Kisha mtoto mmoja akamalizia, "Aloisi!" Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka misheni. Kila aliyekuwa na habari ya posa, na katika Sumbawanga ya siku zile sijui nani hakuwa nayo, aligeuka kumtazama Felista, ambaye alikuwa ameshajifunika blanketi gubigubi. Bibi akamgusa kwa kiwiko. "Itika, mke mwenzangu. Mwenzio kamtuma Mzungu." Na kwa kuwa mtu aliyekupigia goti haachwi hivi hivi, bibi mwenyewe alichuchumaa akapiga makofi polepole, viganja vimepinda, kama tunavyoamkiana Ufipa. Wazee wenzake wa kike wakamfuata. Mzungu akisalimu kwenye shuka, wao wanaitikia uwanjani, wala hawakukosea; sisi wengine ndio tuliokuwa tukicheka salamu ya mtu.

Kesho yake mji ulikuwa na wimbo mmoja. Mafundi cherehani barazani kwa Mzee Salum, mwenye duka na lori, walikanyaga mashine zao kwa mdundo wake, na Felista hakuweza kupita na ndoo bila kuitiwa "Aloiii" kutoka kila ua. Mimi sikutulia. Nilizunguka jiko, nikatoka, nikarudi, nikaunguza maharage, nikatumwa maji nikarudi na ndoo tupu. Felista alikuwa nje anasugua sufuria kwa majivu. Bila kuinua kichwa akauliza, "Hivi pale kwenye picha panafanana na Kasanga, au?"

Nilitoka mbio. Mimi, Figa, nilikimbia bila kutumwa hadi uwanjani, ambako mtangazaji alikuwa akifunga mizigo kwa kamba. Nilitaka aniambie kwamba ni Ulaya, ni Amerika, ni mbinguni, popote pasipofikika kwa lori.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Unahema hivyo, umefukuzwa na nani?"

"Pale kwenye picha jana ni wapi?"

"Kwani wewe unapadhania wapi?"

"Dada yangu anasema kama Kasanga."

"Dada yako mzuri?"

"Kachumbiwa."

"Basi ndiyo Kasanga hiyo," alisema akikaza fundo. "Nyuma kidogo ya gati. Mwambie awahi, mashua bado haijakwisha rangi."

Jibu lile nilirudi nalo kama kaa la moto kiganjani, na nililitoa lilivyo, maana sikuwa na akili ya kulibadili njiani. Felista alisikiliza, akanawa mikono taratibu, akaingia ndani kwa mama. "Mama, umesikia? Ni nyuma ya gati. Niache niende nikawasaidie kupaka rangi." Mama alishika ncha ya kanga, akafungua mdomo alie kama kawaida yake, na kilichotoka kikawa kicheko. Alicheka hadi akakaa sakafuni, akawa anasema "Kibarua wa serikali" na kuanza upya. Mjomba wa Aloisi aliporudi alijibiwa ndiyo, na bibi ndiye aliyempigia makofi.

Niliteremka Kasanga Felista alipojifungua, nimekaa juu ya magunia ya mahindi ya Mzee Salum, nikitapika kila kona. Nilikuta joto lile lile la chungu alilolisema mama, na dagaa waliotandazwa kila mahali hadi kwenye ndoto zangu. Aloisi alikuwa mtu mpole mwenye masikio makubwa, na kwa alivyoimba vibaya kanisani, katekista alimpa kazi ya kushika mshumaa. Nilijipepea kwa mfuniko wa sufuria, kisha nikamwuliza dada, "Hiyo nyuma ya gati iko wapi?" Felista alimhamishia mtoto titi la pili akinicheka.

"Figa, ulidhani niliamini? Kasanga nilishasimuliwa na kila dereva. Aloisi nilimtaka tangu siku ya kwanza. Ila sikuweza kuondoka mama analia. Nilikuwa nangoja acheke."

Sasa mama na bibi hawapo, Aloisi hayupo, na Felista bado yuko Kasanga, hataki kupanda huku. Anasema kuna baridi. Barabara imekuwa nzuri, vijana wa bodaboda wananiuliza kila asubuhi, "Bibi, twende?" nami nawajibu nina mboga jikoni. Zamani mtu aliondoka mara moja tu, na nyumba nzima ilikaa kumfikiria. Siku hizi wanaondoka kama wanaokwenda dukani, na uwanja wa sinema umo mfukoni mwa kila mtoto. Mjukuu wangu ninayeishi naye, ndiye anayenisuka nywele sasa, amepata kazi Mtwara. Amesema hatakwenda mpaka nimpe jibu, na kwa wiki hizi nimekuwa nikilijibu swali lake kwa ncha ya kanga, huku miguu ikinizungusha jiko kama utotoni. Jana, naye kisa hiki nimemsimulia tangu mdogo, alikuja akakaa karibu yangu, akaniwekea simu mbele ya macho. Palikuwa na minazi na mchanga, na kijana mwenye shati la maua anaimba. "Bibi," akasema, uso mkavu kabisa, "ni nyuma kidogo ya bandari."

Nimeufumba mdomo tangu jana nisicheke. Lakini mabega yameshaanza kutikisika.