Mtani wangu kaniharibia viza, na kumkasirikia siruhusiwi

Ametuandikia mama mmoja wa Tabora, jina tunalo sisi tu. Msomeni hadi mwisho kabla ya kumhukumu.

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 54, mjane, naishi Cheyo. Nina mtoto mmoja tu, binti, ameolewa huko Ulaya, nchi siitaji. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu imefika, madaktari wamesema atajifungua kwa upasuaji, na tangu mwezi wa nne wimbo wake ni mmoja, "Mama, huku nani atanikanda?" Mume anaye, kijana mzuri, lakini huyo hata uji hajui unakorogwaje.

Basi nikaomba viza ya siku thelathini. Jamani, ile fomu. Wameandika utalii, biashara, kutembelea ndugu. Kumkanda mzazi hakuna. Nikaambatisha cheti cha kifo cha mume wangu, hati ya nyumba, barua ya mwaliko, barua ya mkuu wa shule inayosema nina likizo na nitarudi kufundisha. Nikapanda basi hadi Dar kuweka alama za vidole, nikarudi na miguu imevimba. Nikakaa kusubiri.

Sasa niwaeleze kuhusu mwalimu wetu wa taaluma. Ni Mgogo, mimi Mnyamwezi. Kwa wasiojua, sisi ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipokuwa wanakatiza Ugogo na mizigo kichwani. Miaka ishirini na minne tumefanya naye kazi na hajawahi kuniita jina langu. Ananiita mpagazi. Mimi nami simwachi. Mume wangu alipofariki, watu wote walikuwa wanalia, yeye akavaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akalalamika kuwa mboga yangu haina chumvi. Nilicheka nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba. Sitalisahau hilo hata kwa hasira niliyonayo leo.

Siku moja mkuu wa shule alikwenda kwenye msiba Igunga, simu ya ofisi akamwachia yeye. Ikapigwa. Dada mwenye sauti laini anauliza kama mwalimu fulani anafanya kazi pale na kama atarudi baada ya safari. Mtani wangu akajibu, "Huyo mpagazi? Harudi huyo. Ameshagawa mpaka kuku wake, na pilau la kumuaga tumekula." Dada akashukuru, akakata simu.

Kesho yake alinisimulia mwenyewe ofisini, walimu wote wanacheka, na mimi nikacheka. Alidhani ni mdogo wangu wa Kaliua, ambaye ana tabia ya kumpigia akiigiza sauti ili amchokoze. Nami nikaamini hivyo hivyo. Nilipompigia mdogo wangu kumpongeza, akasema hajampigia mtu. Ndipo nikajua ile simu ilitoka ubalozini.

Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Wamenikatalia. Wameandika kwamba hawajaridhika kuwa nitarudi, kwa sababu maelezo ya kazini kwangu yanapingana na barua niliyoleta.

Nilitaka kumvaa. Lakini kwetu ukimkasirikia mtani, wewe ndiye unayeonekana huna akili. Kaka yangu mkubwa nilipomlalamikia alisema nidai mbuzi wa faini ya utani, yaishe. Mbuzi nitampeleka Ulaya akamkande mwanangu? Nimechoka kuambiwa ni utani. Nimechoka kutabasamu kwa lazima mbele za watu.

Wanaojua mambo haya wameniambia naweza kuomba upya, lakini lazima nieleze kwa nini nilikataliwa, na niwe na barua ya aliyepokea ile simu akikiri kwamba alisema uongo, ikiwa na muhuri wa shule. Mtani wangu aliandika siku hiyo hiyo, hakubisha. Ila mkuu wa shule ameniita akaniambia wazi, "Mwalimu, nikigonga muhuri hapa, nimekiri kwamba simu ya ofisi ilitumika kudanganya ubalozi. Itabidi nipeleke taarifa juu, na yeye ataitwa kwenye nidhamu. Sitaki nifiche kitu kikaja kunigeukia." Mtani wangu ana miaka 58. Amebakiza miwili astaafu, na ana mke mgonjwa nyumbani. Mkuu amenipa hadi Ijumaa niamue, gonga au usigonge.

Nilimfuata mtani wangu darasani, nikitegemea atanitania hata kidogo nipate pa kumtukania. Hakunitania. Aliendelea kufuta ubao, akasema, "Peleka, Mwalimu. Mimi nitajua la kuwaambia." Ameniita Mwalimu. Niliumia kuliko siku niliyosoma ile barua ya kukataliwa.

Jana nikamweleza binti yangu kila kitu. Nilidhani atamhurumia, kwa sababu huyo mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma, na anamwita baba mdogo hadi leo. Akasema, "Mama, yeye amebakiza miaka miwili. Mimi nimebakiza wiki tano." Akakata simu. Nimempigia tangu asubuhi, hapokei.

Barua iko kwenye mkoba wangu, imesainiwa, haina muhuri. Leo ni Jumatano. Nyie mlio mbali na hasira zangu, nishaurini kwa utu: niigongeshe au niichane?