Kwinini kwa Maji ya Moto

Juzi mjukuu wangu alimeza kidonge kwa maji ya baridi ya friji, nami nikacheka peke yangu. Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Ampisikina, Mahajanga, nikitetemeka kwa homa mkekani. Nyumba nzima ilinukia wali ulioungua, maana Koko, bibi yangu Mngazija, alikuwa amechemsha ranovola, maji ya ukoko wa wali.

"Dawa hunywewa kwa maji ya moto," alisema. "Ya baridi yataigandisha tumboni."

Nikatia kwinini mdomoni, nikangoja kikombe kipoe. Sikujua kwamba kidonge hakingoji mtu. Kiliyeyuka, uchungu ukanipanda mpaka masikioni, nikatema kwa nguvu zangu zote. Kumbe mlangoni alikuwa anaingia mjomba wa mchumba wa shangazi yangu, amekuja kuposa, kanzu imenyooshwa pasi. Yote yakampata usoni.

Alilamba midomo, uso ukamkunjamana. Nilidhani naye kashikwa na homa.

"Koko, mpe kikombe changu," nikasema kwa huruma.

Koko akampa. Mzee akagugumia, akaungua ulimi. Posa ya shangazi ikatolewa kwa kithembe, na baba akaikubali upesi, kabla mgeni hajaongezewa kikombe.