Maboma Matano ya Zedekiah

Zedekiah alitengeneza redio hapa Bwera kwa miaka thelathini, mpaka simu za mkononi zilipoziua. Siku hizi mtu husikiliza taarifa za vifo peke yake, simu sikioni, kama anayekula kwa kujificha. Rafiki yangu akabaki na meza, kalamu na rundo la magazeti ya zamani yenye mafumbo ya nambari. Aliyajaza yote. Yalipokwisha, akatunga la kwake.

Lilikuwa na miraba ishirini na mitano, tano kwa tano. Nambari moja hadi tano zisijirudie katika mstari wowote, wa kulala wala wa kusimama. Kisha kwa kalamu nyekundu aliigawa miraba hiyo katika maboma matano yaliyopinda ovyo kama mashamba yetu ya mlimani, na kila boma lilitakiwa kuwa na nambari zote tano. Yeye mwenyewe hakuziita nambari. Moja alikuwa Mumbere, mbili Bwambale, tatu Masereka, nne Kule, tano Thembo. Ndivyo tunavyowaita wavulana kwa mfuatano wa kuzaliwa, au ndivyo tulivyowaita kabla watu hawajaanza kuzaa wawili tu na kuwapa majina ya wachezaji wa mpira.

Alilituma kwa gazeti moja la Kampala, na mwaka 2014 likamjibu: fumbo limependeza, litachapwa kila wiki, mradi liwe na jibu moja tu. Lenye majibu mawili hawalitaki. Walihitaji la kwanza kabla ya Jumatatu. Zedekiah alivaa shati la kanisani ili kunisomea barua hiyo.

Jumatano tulilipeleka kwa Ayaa, mke wa polisi wa kambini, Mwacholi wa kaskazini anayejaza mafumbo ya gazeti huku akichambua maharage. Baada ya nusu saa alirudisha karatasi mbili.

“Mzee, hii kitu iko na majibu mbili.”

“Haiwezekani, Mama Afande.”

“Basi hesabu mwenyewe. Hii moja, hii ingine. Zote iko sawa.”

Zedekiah alivaa miwani, akaikagua karatasi ya pili mraba kwa mraba, kisha akacheka kama mtu aliyeokoka.

“Hapa umemweka Thembo juu ya Bwambale, tena ndani ya boma moja.”

“Kwani iko na shida gani?”

“Mdogo hajengi juu ya kaka yake. Maji machafu ya Thembo yataingia jikoni kwa Bwambale.”

“Imeandikwa wapi?”

Haikuandikwa popote. Mimi nilikuwa nimelijaza fumbo hilo mara tatu na kupata jibu lile lile, kwa sababu mkono wangu ulikataa wenyewe kuweka tano juu ya mbili. Wala sikujua kwamba unakataa.

“Andika tu,” Ayaa alisema. “Kwetu ni tambarare, maji inakauka pale umemwaga. Na wasichana wako wapi kwa hii maboma?”

“Wameolewa.”

“Wote? Mzee, mahari ulikula.”

Njiani Zedekiah alinung’unika. Kuandika sharti kama hilo, alisema, ni sawa na kuwaandikia watu kwamba chakula kinaingilia mdomoni. Lakini Jumatatu haikumngoja. Aliandika: ndani ya boma moja, katika mstari wa kusimama, nambari kubwa isikae juu ya ndogo. Ayaa alishinda asubuhi nzima ya Alhamisi akitafuta jibu la pili, kama askari anayepekua gunia la magendo. Hakulipata. Bahasha ikapanda basi la Kampala.

Fumbo lilitoka wiki mbili baadaye. Tulikubaliana kwamba sharti lile ni la wageni. Watu wa kwetu wataliruka bila kulisoma. Jioni hiyo mwanawe wa kwanza, mwalimu wa hesabu mjini Kasese, alipiga simu, na Zedekiah akaiweka mezani ili nami nisikie.

“Baba, nimelijaza. Mara ya kwanza nilikosea, niliruka lile sharti la mwisho. Linafanya fumbo liwe tamu kweli. Ulilitoa wapi?”

Zedekiah aliniangalia. Mimi niliangalia gazeti.

“Nimelitunga,” alisema.